Mtu wako akizidiwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu msaada wa mapema

Ukurasa huu ni kwa ajili ya ndugu, rafiki, jirani, mwalimu au mfanyakazi mwenza, yaani yule ambaye mara nyingi huwa wa kwanza kuona kwamba mwenzake hayuko sawa. Ikiwa wewe mwenyewe ndiye unayefikiria kujiua sasa hivi, usianzie hapa juu. Shuka moja kwa moja hadi swali la 20.

## Misingi

1. Msaada wa mapema ni nini hasa?

Ni kumfikia mtu angali na nguvu ya kuzungumza, kuamua na kukubali kusaidiwa, kabla hajafika mahali anapoona njia zote zimefungwa. Pengine ni swali moja la dhati mkiwa wawili tu. Pengine ni kumsindikiza kliniki, kumwombea likizo kazini au kulala kwake usiku wa tatu baada ya mazishi, waombolezaji wakishatawanyika. Wataalamu wana namna zao za kuingilia kati mapema, lakini anayefungua mlango kwa kawaida ni mtu wa karibu.

2. Nitatofautishaje wakati mgumu wa kawaida na hali ya dharura?

Kila mtu hufiwa, huachwa, hupoteza kazi au huugua. Wakati mgumu hugeuka kuwa mgogoro pale njia zote ambazo mtu amezoea kujikwamua nazo zinapogoma kwa pamoja. Aliyekuwa akisali hawezi kusali, aliyekuwa akimpigia dada yake sasa hapigi wala hapokei, usingizi umemhama na kila uamuzi, hata wa kuoga, unamshinda.

Dharura ni hali ambapo uhai wa mtu uko hatarini: anasema anataka kufa, amejidhuru, amemeza kitu, anatishia kumuumiza mwingine, au amechanganyikiwa kiasi kwamba hawezi kujilinda. Hapo acha kusoma. Piga namba ya dharura ya nchi yako au mpeleke hospitali iliyo karibu, na usimwache peke yake.

3. Kwa nini tuwahi? Mambo si hutulia yenyewe?

Mengine hutulia, na hilo ni jambo la kushukuru. Shida ni kwamba hujui kama la mtu wako litakuwa mojawapo.

Mwaka 1942 moto uliteketeza ukumbi mmoja wa starehe jijini Boston, Marekani, ukaua watu 492. Daktari wa magonjwa ya akili Erich Lindemann aliwahudumia manusura na wafiwa, na mwaka 1944 akaandika kwamba majonzi yana dalili na mkondo wake, na kwamba mtu anaweza kushikwa mkono akayapita. Mwenzake Gerald Caplan aliliendeleza wazo hilo. Alieleza kwamba mgogoro wenyewe hudumu kwa muda mfupi, takriban wiki nne hadi sita, na kwamba katika kipindi hicho mtu huwa mwepesi kupokea msaada kuliko siku nyingine. Baada ya hapo hali hutulia kwa namna moja au nyingine: ama amejifunza njia mpya ya kuishi, ama amezoea njia inayomuumiza, kama vile ulevi au kujifungia. Ndiyo maana wiki hizo chache zina thamani kubwa.

4. Mimi si mtaalamu. Nina haki gani ya kuingilia?

Hili ndilo swali linalowarudisha nyuma watu wengi wenye nia njema, nami ningependa lisimrudishe yeyote tena.

Mwaka 1953 kasisi Chad Varah alianzisha jijini London huduma ya simu kwa watu waliofikiria kujiua, ambayo sasa inaitwa Samaritans. Watu walifika kumwona, wakangoja zamu yao, na huko walikongoja waliketi na watu wa kujitolea waliowapa chai na kuwasikiliza. Varah akagundua jambo: wengi wakishamaliza kuzungumza na wale wa kujitolea hawakuhitaji tena kumwona yeye. Mwaka uliofuata aliwakabidhi kazi ya kusikiliza.

Kutibu ni kazi ya mtaalamu. Kazi yako ni kuona, kusikiliza na kuunganisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia umejengwa juu ya vitenzi vitatu vya namna hiyo hiyo: angalia, sikiliza, unganisha. Hakuna hata kimoja kinachohitaji shahada.

## Kuona dalili

5. Dalili zipi nizitazame?

Tazama badiliko la mtu kuliko tabia yake ya siku zote. Mtu mkimya akiendelea kuwa mkimya si habari. Mchangamfu akinyamaza kwa wiki mbili ni habari. Kulala mno au kukosa usingizi, kuacha kula, kuacha kujitunza, kukwepa watu, hasira za ghafla, pombe kuongezeka, kazi kumshinda mtu aliyekuwa hodari: yote hayo yanastahili swali.

Zipo nzito zaidi. Kusema kwamba yeye ni mzigo, kwamba wengine watapumua asipokuwepo. Kugawa vitu anavyovithamini. Kuaga watu kwa namna isiyo ya kawaida. Kutafuta njia ya kujiua. Na kuna moja inayowapumbaza wengi: utulivu wa ghafla baada ya wiki nyingi za mateso. Huenda kweli amepata nafuu, lakini pia huenda ameshaamua. Muulize, swali la 9 linaeleza namna ya kuuliza.

6. Nimeona dalili moja tu. Nisubiri nihakikishe?

Usisubiri. Dalili moja haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa, ila inatosha kabisa kumwuliza hali. Ukikosea, utakuwa umemjulia hali mtu mzima wa afya, na hakuna aliyepata hasara.

7. Kwa watoto na vijana dalili ni zile zile?

Si zote. Mtoto mdogo hana maneno ya kusema ameelemewa, kwa hiyo mwili wake humsemea: tumbo linauma kila asubuhi ya shule, anarudi kukojoa kitandani, anang'ang'ania mzazi. Kijana mara nyingi huonyesha huzuni kwa ukali, kuporomoka kwa masomo au kuacha michezo aliyoipenda. Wazazi huita utundu au ujana, wakaongeza adhabu pale palipohitaji sikio.

Umri huu haufai kupuuzwa. Kwa mujibu wa WHO, nusu ya matatizo ya afya ya akili ya watu wazima huwa yameanza kabla ya miaka 18, na kujiua ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29.

## Mazungumzo yenyewe

8. Nianzeje?

Tafuta faragha na muda usio wa haraka. Mazungumzo mkiwa mnatembea, mnapika au mmekaa sambamba ndani ya gari huwa mepesi kuliko kutazamana ana kwa ana kama kwenye baraza la hukumu. Kisha taja ulichokiona, bila kukitafsiri: "Wiki hizi mbili naona huli na sisi, na jana ulilia ukidhani hakuna anayekuona. Nina wasiwasi nawe. Kuna nini?"

Halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Akikaa kimya dakika nzima, mwache akae. Akijibu "niko poa tu", usimbishie. Mwambie mlango wako uko wazi, na baada ya siku mbili mrudie. Wengi hujibu swali la pili, kwa sababu la kwanza walilichukulia kuwa salamu tu.

9. Nikimuuliza kama anafikiria kujiua, sitamtia wazo hilo kichwani?

Hapana. Tafiti zilizochunguza hofu hii hazikuona kwamba kuuliza kunaongeza mawazo ya kujiua, na wengi wanaoulizwa huhisi wametuliwa mzigo waliokuwa wakiubeba kwa siri.

Uliza kwa maneno yaliyo wazi: "Umefikia kufikiria kujiua?" Usizunguke kwa kusema "hufikirii mambo ya kijinga, sivyo?", kwa maana swali la namna hiyo limeshamwambia jibu unalotaka kulisikia, naye atakupa hilo hilo.

10. Akikubali, nifanye nini?

Kwanza tulia, hata kama moyo unakwenda mbio. Mshukuru kwa kukuambia. Kisha uliza mambo matatu: Amefikiria atafanyaje? Anacho hicho atakachokitumia? Ameweka siku? Kadiri majibu yanavyokuwa ya uhakika, ndivyo hatari inavyokuwa karibu. Mwenye mpango, njia na wakati asiachwe peke yake hata kidogo, na mtaalamu atafutwe saa ile ile (tazama swali la 2).

La pili, weka mbali vile vinavyoweza kumdhuru: dawa, sumu za shambani, silaha. Watu hudhani aliyeamua ataamua tu, ukimzuia hapa atapita kule. Ushahidi unasema vingine. Sri Lanka ilipiga marufuku, hatua kwa hatua, viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, na kati ya 1995 na 2015 kujiua kulipungua kwa takriban asilimia 70. Msukumo wa kujiua kwa wengi huja kama wimbi kisha hupungua. Mtu akivushwa kwenye wimbi hilo bila njia ya kujidhuru mkononi, mara nyingi hubaki hai.

11. Maneno gani niyaepuke?

"Jikaze." "Wenzako wana matatizo makubwa kuliko yako." "Wafikirie watoto wako." Hili la mwisho husemwa kwa upendo, lakini mtu ambaye tayari anajiona mzigo kwa watoto wake hulisikia kama shtaka jingine. Usimhubirie, usimgombeze, wala usikimbilie kumpa suluhisho kabla hajamaliza kueleza.

Maneno yanayofaa ni mafupi: "Pole sana." "Nimekusikia." "Sijui niseme nini, ila siondoki." Ukikosa maneno, kaa naye tu.

12. Amenisihi nisimwambie mtu yeyote. Nitunze siri?

Siri ya aibu, ya mapenzi au ya deni, itunze. Siri ya kifo usiitunze. Usiahidi kabla hujajua unachoahidi, mwambie mapema, "Mengi nitayaweka moyoni, ila nikiona uhai wako uko hatarini nitatafuta msaada, na nitakwambia kabla ya kufanya hivyo." Anaweza kukasirika, pengine kwa miezi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayemsaidia kuyaficha yumo katika hesabu hiyo.

13. Anakataa msaada wowote. Nimlazimishe?

Ikiwa hakuna hatari ya haraka, usimlazimishe. Uliza anachokiogopa. Mara nyingi si msaada wenyewe anaoukataa. Anaogopa kuitwa mwendawazimu, gharama, au kuonekana kwenye foleni ya kliniki ya akili. Kila hofu ina dawa yake: daktari wa kawaida badala ya kliniki ya akili, simu badala ya kwenda mwenyewe, wewe kuwa naye kwenye foleni. Mpe uchaguzi wa mambo mawili au matatu madogo, aamue yeye. Kukiwa na hatari ya haraka, jibu ni lile la swali la 10, akubali asikubali.

## Kupata msaada

14. Nikipiga laini ya msaada, nini hutokea?

Anapokea mtu aliyefunzwa kusikiliza. Atakuuliza kinachoendelea na kama uko salama, na hutalazimika kuanza na jina lako kamili. Unaweza kupiga kwa ajili ya mwenzako ili kuuliza ufanye nini. Namba hutofautiana kwa nchi. Marekani, kwa mfano, ilianza kutumia 988 Julai 2022. Tafuta ya kwenu leo, kukiwa shwari, uihifadhi kwenye simu. Isipopokelewa, ijaribu tena au nenda hospitali. Usichukulie ukimya wa laini kuwa jibu.

15. Nimpeleke kwa nani: mshauri nasaha, mwanasaikolojia au daktari wa akili?

Anza na aliye karibu na anayefikika. Mhudumu wa afya wa kawaida anaweza kumpima, kwa kuwa hata maradhi ya mwili huleta huzuni na uchovu, kisha akatoa rufaa. Mshauri nasaha na mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo. Daktari wa magonjwa ya akili anaweza pia kuandika dawa.

Pale wataalamu walipo wachache, watu wa kawaida waliofunzwa vizuri nao hufanya kazi kubwa. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mitaani kuketi kwenye mabenchi nje ya kliniki na kuwasaidia watu kutatua shida moja baada ya nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliosaidiwa kwenye mabenchi hayo walikuwa na dalili chache za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao walitumia neno la Kishona, *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi. Hawakumpa mtu jina la ugonjwa lisilo la lugha yake.

16. Maombi na dua vinatosha?

Kwa mwenye imani ni nguzo, na kiongozi wa dini anayesikiliza bila kuhukumu ni msaada wa kweli. Visitumike kuchelewesha tiba. Sonona si upungufu wa imani, na hakuna anayepaswa kuambiwa hivyo akiwa chini.

17. Mpango wa usalama ni nini, na tunauandikaje?

Ni karatasi moja inayoandikwa mtu akiwa ametulia, aitumie mawazo ya kujiua yakirudi. Namna inayotumika zaidi iliandaliwa na watafiti Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani, nayo hupanda ngazi kwa ngazi. Mtu huandika kwanza ishara zinazomwonyesha kwamba hali inaharibika, kisha mambo anayoweza kufanya peke yake yakamtuliza. Zinafuata sehemu na watu wa kumtoa kwenye mawazo hayo, halafu watu anaoweza kuwaambia ukweli, halafu wataalamu na namba za dharura, na mwisho namna ya kuweka mbali vitu vya kumdhuru.

Uandikwe kwa maneno yake, si yako. "Nikianza kuzima simu kila jioni" ni ishara nzuri kuliko "dalili za kujitenga". Apige picha akae nayo kwenye simu.

## Hali za pekee

18. Amenusurika ajali au janga. Nimsimulishe yaliyompata ili ayatoe?

Usimsimulishe. Zamani iliaminika kwamba kila manusura akalishwe mara moja aeleze yote, lakini tafiti za kikao hicho kimoja hazikuona kwamba kinazuia madhara ya baadaye, na WHO haikipendekezi. Mpe maji, nguo, simu ya kuwapigia wa kwao na habari za kweli. Akitaka kusimulia, msikilize. Asipotaka, kaa naye.

19. Anasikia sauti zisizokuwepo, au anaamini watu wanamfuatilia. Nimwambie si kweli?

Kubishana hakusaidii, na kukubaliana naye pia hakusaidii. Jibu hisia: "Naona unaogopa sana. Mimi sizisikii, lakini najua wewe unazisikia." Punguza kelele na watu chumbani, zungumza kwa sentensi fupi, usimguse bila ruhusa.

Hapa uharaka ni wa pekee. Muda ambao saikosisi, yaani hali hii ya kusikia au kuamini yasiyokuwepo, hukaa bila kutibiwa unahusiana na namna mtu atakavyopona: ukirefuka, matokeo huwa mabaya zaidi. Kwa sababu hiyo ziliundwa huduma maalumu kwa vijana wanaopatwa mara ya kwanza. Mojawapo ya za mwanzo ilianzishwa Melbourne, Australia, miaka ya 1990, chini ya Patrick McGorry. Familia nyingi hupoteza miezi zikizungusha mgonjwa huku na huko kabla ya kufika kliniki.

20. Ni mimi mwenyewe. Nifanye nini sasa hivi?

Pole. Asante kwa kufika hapa.

Usikae peke yako kwa saa chache zijazo. Toka chumbani ulipo nenda walipo watu, au mpigie mtu mmoja umwambie maneno haya tu: "Siko salama, naomba uje." Huhitaji kueleza zaidi. Kama kuna kitu ulichofikiria kukitumia, ondoka kilipo. Piga namba ya dharura au laini ya msaada. Ya kwanza isipopokelewa, piga nyingine au nenda hospitali. Huna haja ya kuamua juu ya maisha yako yote usiku huu. Vuka usiku huu kwanza. Ukitulia, andika mpango wa swali la 17 na mtu unayemwamini.

21. Nikimpeleka hospitali baada ya kujaribu kujiua, atakamatwa?

Hofu hii imewaua watu waliokuwa wanaweza kuokolewa. Ni kweli kwamba katika baadhi ya nchi jaribio la kujiua bado ni kosa kisheria, ingawa nchi zaidi zinalifuta: Pakistan mwaka 2022, Ghana na Malaysia mwaka 2023. Hata pale sheria ilipo, mpeleke kwanza. Waeleze wahudumu ukweli kuhusu alichomeza au alichojifanyia, kwa sababu tiba hutegemea hilo. Mambo ya sheria mtatafutia wakili au shirika la haki baadaye, akiwa hai.

22. Chanzo ni ukatili nyumbani. Mambo ni yale yale?

La. Usizungumze naye mbele ya anayemtesa, usimtumie ujumbe unaoweza kusomwa, wala usimsukume aondoke leo bila maandalizi, kwa maana wakati wa kuondoka ndio wenye hatari kubwa. Mwunganishe na wanaoshughulika na ukatili wa kijinsia, ambao watapanga naye njia ya kutoka.

23. Ametoka hospitali. Tumeshamaliza?

Hapana, wiki za kwanza baada ya kutoka ni za hatari. Jijini San Francisco, daktari Jerome Motto aliwaandikia watu waliotoka hospitalini na kukataa kuendelea na matibabu. Barua zilikuwa fupi, za kuwajulia hali tu, bila kudai chochote. Katika miaka miwili ya kwanza, waliopata barua walijiua kwa idadi ndogo kuliko wasiopata. Ujumbe wako wa simu wa mistari miwili ni wa jamii ya barua hizo. Utume wiki hii, utume na wiki ya sita, watu wengine wakishasahau.

24. Nilijitahidi, akajiua. Nilikosea wapi?

Pole sana. Kila aliyebaki hujiuliza hivi, akirudia kila simu ambayo hakuipokea. Kujiua hutokana na mambo mengi yaliyofumana, na wewe uliona upande mmoja tu, tena bila kujua mwisho ambao sasa unaujua. Msaada wako haukuwa bure kwa kuwa haukumzuia. Ulimpa siku ambazo hakuwa peke yake.

Waambie watoto ukweli kwa maneno ya umri wao, kwani wasipoambiwa watabuni wenyewe, na mara nyingi hujitwika lawama. Na wewe sasa ni mfiwa mwenye hatari yako mwenyewe: yote yaliyo kwenye swali la 5 jitazame nayo, na umwombe mtu mmoja akutazame pia.

25. Ninayesaidia nimechoka. Naruhusiwa kupumzika?

Ndiyo, na usingoje hadi ukaanza kumchukia unayemsaidia. Msiwe wawili tu katika jambo hili. Tafuteni wa tatu na wa nne, mgawane siku, na mwenyewe ajue nani yuko zamu lini: "Kesho nitakuwa kimya, ila kaka yako atakupigia saa mbili usiku."